Karafuu Yetu Ikishavuka Bahari: Mafunzo ya Safari ya Mumbai, Singapore na Kudus



Mtakumbuka ya kuwa katika mkutano mkuu uliopita mlikubali, ingawa si bila ya manung'uniko, fedha za mfuko wa Chama zitumike kuwapeleka watu watatu India, Singapore na kisiwa cha Java, wakatazame karafuu inafanywa nini ikishatoka bandarini kwetu. Watu hao ni sisi: makamo wa mwenyekiti, mshika fedha, na katibu anayeandika haya kwa niaba ya wote. Wapo waliouliza, na waliuliza kwa haki, kwa nini mkulima wa Pemba awalipie watu nauli ya ndege wakatembee. Jawabu tunaliweka hapa, na kila mmoja apime mwenyewe kama fedha yake imerudi.

Kwanza ieleweke kuwa hatukwenda kuuza. Tangu mwaka 1968 ununuzi wa karafuu zetu umo mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, nasi hatukutumwa kuupita mlango huo. Tulikwenda kusoma. Tulichukua mifuko miwili ya karafuu, kila mmoja kilo moja, pamoja na cheti cha afya ya mimea ambacho kilitusumbua kukipata kuliko paspoti zetu. Mfuko wa kwanza ulitoka kwa bibi mmoja mwanachama wetu wa upande wa Wete, ambaye huchambua siku ile ile ya kuchuma, huanika juu ya majamvi, na huanua kila jioni kabla ya umande. Mfuko wa pili karafuu zake zilichumwa siku ya mvua, zikalala usiku mzima zimerundikwa chumbani na vikonyo vyake, kisha zikaanikwa kando ya barabara ya lami. Kwa macho yetu mifuko hiyo ilikaribia kufanana. Hatukuitia alama ila nukta ya wino chini ya mfuko wa kwanza, mahali asipoweza kuiona mtu.

Tulianzia Mumbai, mji ambao wazee wetu waliuita Bombei. Huo ni mji usio na nafasi ya kuweka unyayo. Katika mtaa wa Masjid Bunder, penye maduka ya zamani ya viungo, vichochoro vimejaa mikokoteni, na anayechukua mzigo kichwani hasimami kwa ajili yako. Wewe ndiye unayejibana ukutani. Lakini mgeni wa Pemba hapotei kabisa pale. Mchukuzi wanamwita hamali, mtu wa kati wanamwita dalali, gunia kwao ni goni, na hilo Bunder ni neno moja na bandari yetu. Maneno haya yalivuka bahari kwa majahazi pamoja na mchele na nguo, na sisi tukayaweka kama yetu.

Soko kubwa la jumla la viungo halipo tena mtaani hapo. Limehamishiwa Vashi, ng'ambo ya hori, katika mji mpya wa Navi Mumbai, na mtu hufika kwa treni. Tulikwenda huko pia, tukaona maghala yaliyopangwa safu safu na malori yakishusha iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu za kila nchi: za Madagascar, za Ngazija, za Sri Lanka, na za kwetu. Huyo tuliyetumwa kumwona, hata hivyo, alikuwa bado anakaa katika duka la babu yake huko Masjid Bunder. Miadi ilikuwa saa nne asubuhi. Alitupokea saa sita, baada ya chai tatu, na hakuona haja ya kuomba radhi, maana kwa desturi yao mtu anayekunywa chai dukani mwako hajangojeshwa, amekaribishwa.

Akaketi juu ya godoro jeupe, akaomba mifuko. Alitwaa karafuu moja kutoka kila mfuko, akaibana kwa ukucha wa kidole gumba. Karafuu njema ikibanwa hutoa mafuta, na ya kwanza ilitoa hata ukucha ukang'aa. Ya pili ilitoa kidogo. Kisha akaivunja kila moja karibu na sikio lake. Iliyokauka sawasawa huvunjika kwa kishindo kidogo kama kijiti, isiyokauka hupinda. Baadaye akaleta gilasi ya maji, akatia karafuu chache za kila mfuko. Zenye mafuta zilizama au zikasimama wima, vichwa juu. Nyingi za mfuko wa pili zililala juu ya maji kama takataka. Mwisho akafumba macho, akaingiza pua katika mfuko wa pili, akakaa kimya muda mrefu kuliko tulivyopenda.

"Hii," akasema, "imelala njiani."

Tukamwuliza njiani vipi, naye akaeleza kuwa anasikia harufu ya lami na ya moshi wa magari. Akamwaga konzi moja juu ya karatasi nyeupe, akatenga zile zilizopauka na kusinyaa, ambazo zilichacha kwa kurundikwa kabla ya kuanikwa. Kazi hiyo yote haikuchukua dakika kumi. Akasema mfuko wa kwanza angeuuza nzima nzima, kwa wapishi wa biriani na watengenezaji wa tambuu, ambao hununua kwa jicho na hutaka kichwa kikamilifu. Mfuko wa pili ungekwenda kusagwa, ukapotea ndani ya bizari, na bei yake ni ya vumbi. Alisema neno jingine ambalo twalileta kama lilivyo: "Mimi siwezi kuwalipa wale wazuri bei ya uzuri wao, kwa sababu nyinyi mnawachanganya gunia moja."

Hapa hapana budi tuseme kweli. Mfuko ule wa pili haukuokotwa kwa mtu wa mbali. Ulitoka shamba la mmoja wetu sisi watatu, na jamaa zake ndio walioanika barabarani. Tuliuchukua tukidhani utasaidia kuonyesha kuwa tofauti ni ndogo. Usiku ule hotelini hatukuzungumza sana.

Mtaa ule una kumbukumbu nyingine na sisi. Mwaka 1937 serikali ya Waingereza Unguja ilikipa Chama cha karafuu cha zama hizo, kilichoanzishwa mwaka 1927, haki ya kuwa mnunuzi pekee wa karafuu za kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma Unguja, na huko India chama cha Congress kikawataka watu wasinunue karafuu ya Zanzibar. India wakati ule ilikuwa mmoja wa wateja wetu wakubwa kabisa, na mwaka 1938 ikabidi mapatano yafanywe. Wengi wetu tulisoma habari hii kama ugomvi wa wakubwa. Lakini mtu akisimama Masjid Bunder huona upande wake wa pili: mama mwenye nyumba jikoni mwake aliweza kuacha kutia karafuu katika wali kwa mwaka mzima, na wali ukaliwa vile vile. Mwenye mkarafuu hakuweza kuacha kuchuma.

Kutoka hapo tulikwenda Singapore, na kama mtu angetufunga macho Mumbai na kutufungua huko tungedhani tumehamishwa dunia. Njia ni safi, watu hawapigi kelele, na treni za chini ya ardhi hufika kwa dakika. Tulipotea njia moja ya treni, tukafika ofisini kwa mfanyabiashara tumechelewa dakika kumi. Alitupa mkono kwa adabu, akatazama saa, akatuambia zimebaki dakika ishirini. Chai haikuletwa.

Katika dakika hizo ishirini hatukuona karafuu hata moja. Tulionyeshwa karatasi. Yeye hununua karafuu za Afrika na za visiwa, huziweka ghalani, huzisafisha na kuzipanga upya, na huziuza anakotaka. Kila shehena ina cheti cha unyevu, cheti cha afya ya mimea na cheti cha kufukizwa dawa ya wadudu. Alituuliza unyevu wa mfuko wetu wa kwanza ni asilimia ngapi. Tukamjibu kuwa zimekauka sana. Akarudia swali lake.

Kipimo cha kimataifa cha karafuu nzima, kinachoitwa ISO 2254, hakiruhusu unyevu kupita asilimia 12. Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu hii inakata mfukoni. Gunia la kilo 50 lenye unyevu wa asilimia 16 lina kilo 8 za maji na kilo 42 za karafuu kavu. Mnunuzi akilikausha mpaka asilimia 12, kilo 42 hizo zitakuwa ndani ya gunia la kilo 47 na robo tatu tu. Kilo mbili na robo zimekwenda na upepo. Yeye anajua zitakwenda, kwa hivyo huzitoa katika bei kabla ya kununua, tena huongeza kidogo kwa hofu ya ukungu. Anayeuza mbichi akidhani amepata uzito, ule uzito aliulipia mwenyewe zamani.

Jambo la pili tulilojifunza Singapore tulijifunza njiani, si ofisini. Ipo barabara ya maduka ya fahari iitwayo Orchard Road, maana yake barabara ya mashamba ya miti. Katika karne ya 19 palikuwa na mashamba ya kungumanga pale, na karafuu pia zilijaribiwa katika kisiwa hicho. Miti ya kungumanga ikashikwa na maradhi, ikafa. Watu wa Singapore wakapoteza miti, lakini bandari huru, iliyofunguliwa mwaka 1819, hawakuipoteza. Karafuu ikikauka vyema hukaa muda mrefu ghalani bila kuharibika. Mkarafuu nao, kama kila mmoja wetu ajuavyo, hauzai sawasawa. Mwaka mmoja matawi huinama kwa uzito, na mwaka unaofuata huna la kuchuma. Mwenye ghala kavu hununua mwaka wa neema na kuuza mwaka wa uhaba. Sisi wenye miti huuza mwaka wa neema, tena wiki ile ile, kwa sababu wachumaji wanangoja ujira na duka linangoja deni.

Kisha tulitua Surabaya, mji mkubwa wa bandari mashariki ya Java, tukashika njia ya pwani kuelekea magharibi mpaka mji wa Kudus. Hapo tutakaa kidogo, kwa sababu mji huo umewahi kututajirisha na kutufukarisha bila ya sisi kuuona.

Mwenye pua ya shamba la karafuu ataujua mji wa Kudus kabla hajashuka garini. Harufu ni ile ile ya kwetu wakati wa msimu, ila imechanganyika na tumbaku. Hapa ndipo zilipozaliwa sigara ziitwazo kretek. Wenyeji husimulia kuwa mtu mmoja aitwaye Haji Jamhari, mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akiumwa kifua. Akajipaka mafuta ya karafuu akapata nafuu, basi akafikiri kuzikatakata karafuu na kuzitia ndani ya sigara. Zikiwashwa karafuu hizo hutatarika, na jina kretek ndiyo sauti hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 bwana mmoja aitwaye Nitisemito akaifanya kazi ile kuwa biashara kubwa, na mpaka leo mjini hapo ipo makumbusho ya kretek, iliyofunguliwa mwaka 1986.

Tuliingia kiwanda kimoja. Wanawake kwa mamia wameketi safu safu. Mmoja husokota na mwenziwe hukata ncha, na mikono huenda mbio hata jicho halifuati. Hulipwa kwa idadi ya sigara, si kwa siku. Karafuu tulizikuta chumba cha nyuma: zinarowekwa, zinakatwakatwa ndogo ndogo, kisha zinakaushwa na kuchanganywa, kadiri ya fungu moja la karafuu kwa mafungu mawili ya tumbaku. Tukatoa mifuko yetu. Msimamizi hakutazama vichwa hata kidogo. Kichwa kipo au hakipo, kwake ni mamoja, kwani atakikata. Alitaka mafuta na ukavu, na alitaka isiwe na harufu ya kigeni. Mfuko wa kwanza akausifu. Wa pili akaurudisha kimya kimya kwa mikono miwili, kwa adabu ya Kijava, nayo adabu ile ilituchoma kuliko maneno ya Mumbai.

Tazameni basi: mteja mmoja ananunua kichwa, mwingine ananunua mafuta, na wote wawili wameikataa lami.

Adhuhuri tulisali katika msikiti wa Menara. Ni msikiti wa mwaka 1549, na mnara wake ni wa matofali mekundu, umejengwa kwa sura ya hekalu za Kihindu zilizokuwapo kabla. Jina la mji limetokana na al-Quds. Mwenyeji wetu alitueleza kuwa Sunan Kudus, aliyeusimamisha msikiti huo, aliwakataza watu wake kuchinja ng'ombe ili wasiwaumize majirani zao Wahindu, na hadi leo mchuzi wa mji huo hupikwa kwa nyama ya nyati wa kufugwa. Chakula kilikuwa kitamu. Lakini ndani ya msikiti ule ndipo lilipotujia swali ambalo hatukulipanga. Jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia ilitoa fatwa mwaka 2010 kuwa kuvuta sigara ni haramu, na wanavyuoni wengine wa huko hawakukubaliana nayo. Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha ya karafuu mwaka 2009. Karafuu nyingi za ulimwengu zinachomwa moto ndani ya vifua vya watu. Mmoja wetu alisema mkulima hana dhambi, ameuza kiungo. Mwingine alinyamaza. Hatukufikia mwafaka, nasi hatutajifanya humu kuwa tulifikia.

Liwe jawabu lolote kwa dini, kwa biashara hatari yake twaijua kwa uzoefu. Indonesia ndiyo asili ya mkarafuu. Visiwa vya Ternate na Tidore vilikuwa na karafuu wakati sisi hatujaijua. Lakini kretek zilikula karafuu hata nchi yenyewe isijitosheleze, na katika miaka ya 1960 na 1970 ikawa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Wazee wenye kukumbuka bei za miaka hiyo hawahitaji kuambiwa. Serikali yao ikahimiza kupanda, mikarafuu ikazaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakutuhitaji tena. Bei ikaanguka, na wako wanachama wetu waliokata mikarafuu ya urithi wakafanya kuni.

Tulidhani wenzetu wa huko walikula raha tulipokuwa tukilia. Siyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara yote ya karafuu ya Indonesia iliwekwa mikononi mwa bodi moja iliyoongozwa na mtoto wa Rais Suharto. Mkulima alilipwa kidogo, na sehemu ya fedha yake ikazuiliwa kwa jina la akiba. Bodi ikavunjwa mwaka 1998, lakini kabla ya hapo wakulima wengi walikwisha kuyatupa mashamba, na wengine wakaikata miti yao kama sisi tulivyoikata yetu.

Jambo la mwisho ni mafuta. Java hawachumi karafuu tu. Vijijini huokota majani ya mkarafuu yaliyoanguka wakayakeneka. Karafuu yenyewe ina mafuta kadiri ya asilimia 15 hadi 20, makonyo 5 au 6, na majani 2 au 3. Sisi tuna kiwanda cha makonyo Wawi, na bado twayaona makonyo yakiachwa yaoze chini ya mti. Lakini tahadhari: ni majani yaliyoanguka. Anayekwanyua majani mabichi anauza msimu ujao, na hata hayo yaliyoanguka yakizolewa yote, ardhi hukosa chakula chake.

Halmashauri imekwisha kuisikia taarifa hii, na inawaletea mambo mawili myapigie kura katika mkutano ujao. La kwanza, Chama kinunue kipimo kimoja cha unyevu kwa kila tawi, na majamvi ya kukopeshwa kwa wasio na sakafu, wayalipe baada ya msimu. La pili ni zito: karafuu zilizoanikwa barabarani zisipokewe katika mizigo inayokusanywa kwa jina la Chama, awe mwenyewe ni nani. Mwenzetu mwenye mfuko wa pili ndiye aliyelileta shauri hili, na jamaa zake mpaka leo hawasemi naye vizuri.

Mifuko yote miwili tumerudi nayo, imepungua kidogo. Ipo juu ya meza ofisini, pamoja na gilasi na mtungi wa maji. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi, ila Ijumaa hufungwa saa tano. Nukta ya wino ingali chini ya mfuko wa kwanza. Twawaomba msiitazame mpaka mmekwisha kunusa.